Vanila haitaki shamba jeupe, inataka mti

Katika vijiji vya mteremko wa mashariki wa milima ya Uluguru, hesabu ya pilipili manga ni ya mashina, si ya ekari. Mkulima wa Kinole, Mkuyuni au Tawa atasema ana mashina 40, na kila shina limepanda juu ya mti wake: mfenesi, mshelisheli, mwembe, au mti uliokuwapo tangu enzi za babu ambao hakuna aliyeona sababu ya kuukata. Chini ya miti hiyo ipo migomba, na pembeni mdalasini na iliki. Mgeni aliyezoea mashamba ya tambarare ya Dakawa au Kilosa anaweza kudhani kwamba amekatiza msituni, kumbe amepita katikati ya shamba la mtu.

Ni katika mashamba ya namna hii ambamo vanila imekuwa ikitafuta nafasi. Nayo ni mmea unaotambaa na kupanda kama pilipili manga, nayo huuzwa kwa kilo, lakini kufanana kwao kunaishia hapo. Tangu bei ya dunia ilipopaa mwaka 2017 na 2018, vanila imezungumzwa nchini kuliko mazao mengine mengi yanayomlisha mkulima mdogo mwaka hadi mwaka. Maneno kwamba kilo moja ni shilingi milioni moja yalipita kutoka simu hadi simu. Wapo waliotoa akiba zao kununua marando kwa bei ya kutisha, na wapo waliofyeka.

Hapo kwenye kufyeka ndipo penye hoja. Mkulima anayeangusha miti yake ili apate "shamba la vanila" ameondoa kitu ambacho mmea huo unakihitaji kuliko mbolea. Vanila haijui kuishi kwenye shamba jeupe. Inataka mti wa kushika, kivuli cha kiasi, majani yaliyooza ya kufunika mizizi yake ambayo haiendi chini sana, na hewa yenye unyevu. Vitu hivyo vyote mkulima wa mashariki ya Uluguru anavyo tayari bila kuvinunua, ilhali mwekezaji wa tambarare analazimika kuvitengeneza kwa neti za kivuli, nguzo na mabomba ya maji.

Vanila ni jamii ya okidi, na karibu ndiyo okidi pekee inayolimwa kwa wingi kwa ajili ya chakula. Asili ya ile inayouzwa ni misitu ya Mexico na Amerika ya Kati. Wengi, hata miongoni mwa wanaoilima, hawajui kwamba ina ndugu zake wa porini huku kwetu. Katika vichaka na misitu ya mwambao wa Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwamo, huota vanila isiyo na majani ya kuonekana. Mtu huona shina la kijani, nene kama kidole, limejisokota juu ya miti, na wakati wake ukifika hutoa maua makubwa meupe yenye harufu nzuri. Wataalamu wa mimea huiita Vanilla roscheri, kwa jina la Mjerumani Albrecht Roscher, msafiri aliyeuawa karibu na Ziwa Nyasa mwaka 1860. Nyingine imepewa jina la Zanzibar yenyewe, Vanilla zanzibarica. Visiwa vya Shelisheli, vyenye jina lilelile la mti unaobeba pilipili manga Mkuyuni, vina ya kwao iitwayo Vanilla phalaenopsis, ambayo haioti porini mahali pengine popote duniani.

Mimea hiyo ni adimu, na matunda yake hayana soko la vanila. Mfanyabiashara atauliza basi inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha mmea huu umeumbwa kuishi wapi. Vanila ya porini haionekani katikati ya uwanda. Ipo kwenye msitu na kichaka, imemkumbatia jirani yake, na mti ukikatwa inakufa nao. Ya pili ni ya ugonjwa na bima, na itafikiwa baadaye.

Ndugu hawa wa visiwani na mwambaoni wanafanana na Uluguru kwa jambo moja. Wanasayansi wamezoea kuifananisha milima ya Tao la Mashariki na visiwa, kwa kuwa kila mlima una msitu wake wa mvua uliozungukwa na nyika kavu kama kisiwa kilivyozungukwa na maji. Ndiyo maana Uluguru ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ina ukubwa wa zaidi ya hekta 24,000. Mawingu kutoka Bahari ya Hindi hugonga upande wa mashariki na kumwaga maji huko, hadi baadhi ya maeneo kupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati mji wa Morogoro ulioko upande wa pili hupata chini ya nusu ya hiyo. Maji hayo ndiyo Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo Dar es Salaam. Ni unyevu huohuo unaoifanya vanila istawi Kinole bila bomba.

Kuhusu kuzaa, hapo vanila ina kisa chake. Kwao Mexico ua lake hutegemea nyuki wa misitu ya huko. Nje ya hapo nyuki hao hawapo, na kwa miaka mingi marando yaliyopelekwa visiwani yalistawi na kuchanua bila kutoa tunda la maana. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion ambacho wakati huo kiliitwa Bourbon, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond aligundua njia rahisi: kwa kijiti chembamba anafunua utando unaotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, kisha kwa kidole gumba anazibonyeza zikutane. Kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Hadi leo hakuna mashine iliyochukua nafasi ya kidole hicho, si Madagascar, si Bukoba, si Kinole. Utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1848 kijana huyo alipewa jina la Albius. Alikufa maskini mwaka 1880, wakati visiwa vizima vikiendelea kuuza vanila kwa ujuzi wake.

Kutoka Réunion zao lilivuka kwenda Madagascar, Komoro na Shelisheli. Hata Bagamoyo, ambako mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, vanila ililimwa enzi za Wajerumani. Kwa hiyo wanaoileta kama zao jipya kabisa Tanzania hawasemi kweli. Kagera wameilima kwa miaka mingi na wameshaonja utamu wake na uchungu wake.

Uchungu huo unaelezeka kwa tarakimu. Aprili 2000 kimbunga Hudah kilipiga kaskazini mashariki mwa Madagascar, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya vanila ya dunia. Bei ikapanda mfululizo, na kufikia mwaka 2003 na 2004 kilo ya vanila iliyochakatwa ilikaribia dola 500 za Marekani. Wakulima wa Uganda, India, Indonesia na kwingineko wakakimbilia kupanda. Vanila huanza kutoa maua karibu mwaka wa tatu, hivyo marando hayo yote yalianza kuzaa wakati mmoja, na kufikia mwaka 2005 bei ilikuwa imeporomoka hadi dola 50 au pungufu. Mwaka 2010 ilikuwa chini ya dola 30. Wengi waling'oa. Machi 2017 kimbunga Enawo kikapiga eneo lilelile, bei ikafika karibu dola 600, na mbio zikaanza upya. Madagascar ilijaribu kuishika kwa kuweka bei ya chini ya kuuzia nje ya dola 250, ikaiondoa mwaka 2023, na soko likateremka hadi chini ya dola 100.

Aliyepanda kwa bei ya mwaka 2018 amevuna kwa bei ya mwaka 2023. Hilo si bahati mbaya, ni tabia ya zao lenyewe. Bei inapopanda mkulima anapanda, na mazao yanapofika sokoni bei haipo tena. Kahawa nayo ina ugonjwa huu, ila kahawa haina mpinzani wa maabara. Vanila anaye. Tangu miaka ya 1870 viwanda vimekuwa na uwezo wa kutengeneza vanilini, kemikali inayotoa harufu ya vanila, bila kugusa tunda, na leo sehemu kubwa kabisa ya ladha ya vanila iliyomo kwenye aiskrimu, biskuti na soda za dunia ni ya kiwandani. Bei ya tunda ikizidi mno, kiwanda hubadili chupa. Kwa mkulima, bei ya juu kupita kiasi ni dalili kwamba mnunuzi yuko njiani kuondoka.

Na ile shilingi milioni moja? Ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana ilidanganya vizuri. Kwa dola 600 na shilingi 2,250 kwa dola, ambayo ilikuwa karibu na thamani ya mwaka 2018, kilo moja inafika shilingi 1,350,000. Lakini hiyo ni kilo ya vanila iliyokwisha kuchakatwa, nyeusi, yenye mafuta, ikiwa tayari mikononi mwa mnunuzi wa nje. Ili kuipata zinahitajika kilo 5 hadi 6 za matunda mabichi. Gawa kwa 6, unapata shilingi 225,000 kwa kilo mbichi, kabla ya kutoa gharama za kuchakata, usafiri, kinachoharibika, vibali na faida ya kila aliyepitisha mkono. Chukua sasa bei ya dola 80, na dola moja ihesabiwe shilingi 2,500 ili kurahisisha. Kilo iliyochakatwa ni shilingi 200,000, kilo mbichi ni kama shilingi 33,000 kabla ya makato yaleyale. Mkulima akipata nusu ya hapo bado ni fedha nzuri kwa mtu ambaye hakununua ardhi wala kukata mti. Kwa aliyekopa ili ajenge banda la neti, ni msiba.

Kazi nayo ihesabiwe. Kilo moja ya matunda mabichi ina matunda kati ya 50 na 70. Kwa hiyo kilo moja iliyochakatwa imebeba maua 300 au zaidi, na kila ua limeshikwa na mkono wa mtu, asubuhi ya siku lilipochanua, kwa sababu ua la vanila hufunguka siku moja tu na kufikia mchana limeanza kunyauka. Katika kipindi cha maua mtu hawezi kwenda msibani Morogoro mjini akarudi kesho akalikuta lingali linamsubiri. Kaya yenye mashina 30 au 50 inamudu kazi hiyo kabla ya kwenda kwenye mpunga au mahindi. Kaya yenye mashina 2,000 inahitaji vibarua waliofundishwa, na vibarua hao hawapo.

Baada ya hapo tunda hukaa juu ya mti miezi 8 hadi 9. Ni muda mrefu kwa kitu chenye thamani kuning'inia nje ya nyumba usiku. Wizi wa vanila umewatesa wakulima wa Madagascar na Uganda kiasi kwamba baadhi yao huchoma alama zao kwenye kila tunda kwa sindano, likiwa bado bichi, ili alama hiyo ibaki hata baada ya kukaushwa. Hofu ya mwizi ndiyo humsukuma mkulima kuchuma mapema, na hapo wote wanapata hasara. Harufu ya vanila haimo kwenye tunda changa. Hujengeka kadiri tunda linavyokomaa, kisha hutolewa na uchakataji. Tunda la miezi 6 linafanana machoni na la miezi 9, lakini likikaushwa linatoa kitu chepesi kisicho na harufu, na mnunuzi wa nje akikipokea mara moja, mzigo unaofuata kutoka wilaya hiyo ataupa bei ya mashaka hata ukiwa mzuri.

Uganda imechukua hatua ambayo inafaa kuigwa: serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna, na anayekutwa na vanila mbichi kabla ya tarehe hiyo ana la kujibu. Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro ina uwezo wa kutunga sheria ndogo ya aina hiyo kwa kata chache zinazohusika. Haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji maofisa ugani wakague maua, waafikiane na wakulima tarehe, na vizuizi vya ushuru wa mazao katika barabara ya Bigwa hadi Matombo viwe na maelekezo. Mizani ya ushuru tayari ipo. Kinachokosekana ni kuangalia kilichomo kwenye gunia. Wachuuzi waaminifu, ambao ni wengi, ndio wa kwanza kunufaika, maana leo anayesubiri tunda likomae hulikuta limeshanunuliwa na asiyesubiri.

Uchakataji ndio unaofuata kwa uzito, na ndipo sehemu kubwa ya thamani inapozaliwa. Matunda hutumbukizwa kwenye maji ya joto la nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika zipatazo 3, hufungwa kwenye mablanketi yatoke jasho, huanikwa juani saa chache kila siku kwa wiki moja au mbili, huhamishiwa kivulini kwa wiki kadhaa, kisha huwekwa kwenye masanduku ya mbao miezi mingine miwili au mitatu. Kosa la nyuzi chache za joto linaharibu beseni zima. Unyevu ukibaki mwingi, ukungu unaingia, na tunda moja lenye ukungu linaambukiza sanduku. Kaya yenye kilo 6 za matunda mabichi haiwezi kufanya kazi hii kwa faida peke yake. Kikundi cha kaya 30 kinaweza. Kipimajoto si ghali, mablanketi si ghali, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko chini ya milima hiyohiyo, mwendo wa asubuhi moja kwa gari kutoka vijiji vyenyewe. Ni ajabu kidogo kwamba mkulima wa Mkuyuni husikia habari za vanila kwanza kwa muuza marando kabla ya kuzisikia kwa mtaalamu.

Sasa kuhusu ile sababu ya pili ya kuwajali ndugu wa porini. Vanila iliyoenea katika Bahari ya Hindi ilitokana na marando machache sana yaliyoletwa karne ya 19, na kwa kuwa huzalishwa kwa kukata shina na kulipanda tena, mimea hiyo karibu yote ni nakala ya mmea mmoja. Ugonjwa unaomuua mmoja unawajua wote. Ugonjwa mkubwa ni wa kuoza mizizi unaosababishwa na fangasi wa jamii ya Fusari, ndugu wa yule anayenyausha migomba. Huingia kwa marando yenye ugonjwa, kwa udongo uliotuama maji na kwa mimea iliyopandwa kwa kubanana. Anayenunua marando kutoka mbali bila kujua yalikotoka anaweza kuleta ugonjwa huo kijijini kwa fedha zake mwenyewe. Watafiti wa vanila wameelekeza macho kwa jamii za porini, zikiwamo zile zisizo na majani za visiwani, kwa sababu zimezoea ukame na zina damu tofauti ambayo siku moja inaweza kuingizwa kwenye vanila ya shambani. Kichaka cha mwambao wa Zanzibar kinapofyekwa, hazina hiyo inapungua bila mtu kuandika popote.

Kwa wafanyabiashara kuna onyo la kisheria hapa. Okidi zote duniani zimewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. Matunda ya vanila iliyolimwa yamesamehewa kibali cha mkataba huo. Mimea ya vanila ya porini haikusamehewa. Anayeng'oa shina msituni na kulisafirisha nje kama pambo au kama mbegu yuko kwenye kundi moja na wanaovusha viazi vya okidi kutoka Makete kwenda Zambia kutengenezewa chikanda, biashara iliyopunguza sana maua hayo Nyanda za Juu Kusini hata nje ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyoanzishwa mwaka 2005. Kwa vanila ya shambani, kinachotakiwa ni cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kumbukumbu za kuonyesha tunda lilitoka shamba gani.

Tukio moja la zamani linafaa kukumbukwa kabla ya mtu yeyote kuwafundisha Waluguru jinsi ya kutunza mteremko. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi ngazi zilifukua udongo usio na rutuba na kuuweka juu, mavuno yakapungua. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, maisha yakapotea, na mpango ukaachwa. Waliokataa ngazi hawakukataa kutunza udongo. Walikuwa na njia yao, na mabaki yake ndiyo haya mashamba ya miti yenye pilipili manga juu, migomba katikati na majani chini, ambayo mvua kubwa huyapita bila kuondoka na udongo. Mahali palipofyekwa kwa mahindi mfululizo, kila mwaka moto na kila mwaka jembe, mawe yameanza kuonekana.

Lakini mti una siasa yake Uluguru. Ardhi nyingi ni ya ukoo, na hupita upande wa mama. Aliyeazimwa au kukodishiwa kipande anaruhusiwa kupanda mahindi na mihogo, ila mti wa kudumu ni habari nyingine, kwa sababu anayepanda mti ni kama anayedai kubaki. Vanila inachukua karibu miaka 3 kabla ya fedha ya kwanza. Kijana asiye na uhakika wa ardhi hatapanda mti ili vanila ishike, atapanda kinachovunwa baada ya miezi minne. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hatimiliki za kimila, na hati hiyo inaweza kuandikwa kwa jina la familia au la wanawake wenye ukoo wao. Halmashauri inayotaka vanila na viungo ianzie kwenye mabaraza ya koo na hati hizo, kwa kuwa marando ya bure yaliyogawiwa kwa mtu asiye na mti yataishia kukauka ukutani.

Kwa upande wa kupanda kwenyewe, mambo ni machache. Miti mikubwa iachwe kwa pilipili manga, kwa kuwa vanila ikipanda juu sana hakuna atakayelifikia ua. Vanila ipewe miti midogo inayotoa matawi usawa wa kifua, kama mbono kaburi au gliricidia, iliyopandwa angalau miezi kadhaa mapema chini ya kivuli cha ile mikubwa. Rando la urefu wa mita 1 hivi litoke kwenye shina lenye afya la jirani anayejulikana. Mizizi ifunikwe kwa majani, isichimbuliwe na jembe. Shina likifika juu literemshwe na kuning'inizwa kwenye tawi, maana kuning'inia huko ndiko kunakoliamsha kutoa maua. Katika kila kishada yachaguliwe maua 8 au 10, si yote, la sivyo mmea unachoka na mwaka unaofuata hautoi kitu. Siku ya kuyaunganisha iandikwe.

Mkulima wa Kinole mwenye mashina 40 ya pilipili manga ana miti 40 tayari. Akiongeza marando 20 ya vanila chini yake, atakuwa ametumia fedha za marando na asubuhi chache za kipindi cha maua. Bei ikirudi dola 25 kama ilivyowahi kuwa, atayaacha yaning'inie bila kuyashika, pilipili manga itaendelea kuchumwa juu, na mfenesi utaendelea kuzaa. Bei ikipanda tena siku kimbunga kingine kikiipiga Madagascar, marando yake yatakuwa yamekwisha kukomaa, wakati wanaofyeka mwaka huo ndio kwanza watakuwa wanatafuta kivuli.